Stoo imejaa, kiwanda kimesimama: kutafuta chanzo cha matatizo ya ugavi kwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti

Saa nne asubuhi, mwezi wa Oktoba, Singida. Tangi la mafuta yaliyochujwa limejaa, chupa zipo, lebo zimepangwa rafuni, na wafanyakazi kumi na wawili wamekaa juu ya maboksi kwa sababu vifuniko vya njano vimekwisha. Nje ya geti lori la wakala kutoka Dodoma linasubiri tangu jana jioni. Mwenye kiwanda anamfokea mtunza stoo, mtunza stoo anamtupia lawama mtu wa manunuzi, naye mtu wa manunuzi ananyoosha simu yake: mzigo uko njiani.

Nimefanya kazi ya ugavi kwenye viwanda vya namna hii kwa miaka mingi, na picha hiyo nimekutana nayo kwa sura nyingi. Mara ni vifuniko, mara mbegu, mara lori. Dalili huonekana mahali pamoja na chanzo kikawa kwingine kabisa, na nikichimba hadi chini, mara nyingi nakuta siku ambazo hakuna aliyezihesabu. Bei ya kila kitu tunaijua hadi shilingi ya mwisho. Kitu hicho kinachukua siku ngapi kufika, na siku ngapi kukaa, hatujui.

Mwongozo huu nimeuandika nikiwa na kiwanda cha wastani akilini: kinakamua tani 20 za mbegu kwa siku na kufanya kazi siku 25 kwa mwezi. Mwenye kiwanda cha sabuni, unga au magodoro abadilishe majina ya vitu; njia ya kutafuta ni ileile.

Kabla hujagusa chochote

Usianze kwa kikao. Chukua daftari, ulifuate gunia moja la alizeti tangu linaponunuliwa kijijini hadi pesa ya mafuta yake inapoingia benki. Andika tarehe tu. Lilinunuliwa lini, lilipakiwa lini, lilifika getini lini, lilikaa ghalani siku ngapi, lilikamuliwa lini, mafuta yalijazwa lini, dumu lilitoka lini, mteja alilipa lini.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilipata siku 97. Katika hizo, siku ambazo gunia lile lilikuwa likifanyiwa kazi hazikufika 3. Zilizobaki lilikuwa limekaa linasubiri kitu: lori, karatasi, saini, kifuniko. Daftari hilo ndilo litakalokuonyesha pa kuanzia katika dalili zifuatazo.

Dalili: uzalishaji unasimama ilhali stoo imejaa

Hii ndiyo inayokera kuliko zote, kwa sababu pesa imeshatumika na bado huna cha kuuza.

Angalia kwanza stoo imejaa nini. Gawanya kiasi kilichopo kwa matumizi ya siku moja, ili kila kitu kisomeke kwa siku. Ukiifanya hesabu hiyo ukutani, mbele ya watu wote, utaona kitu kama hiki: lebo za siku 210, maboksi ya siku 64, chupa za siku 18, vifuniko vya siku 2. Stoo ya namna hiyo ina uwezo wa kuzalisha kwa siku 2. Lebo za miezi saba hazimsaidii mtu.

Chanzo cha kawaida ni kuagiza kwa macho. Mtunza stoo anaona rafu inapungua, anamwambia mtu wa manunuzi, naye anaagiza. Lebo ni za bei ndogo na mchapaji anapunguza bei ukichukua nyingi, kwa hiyo zinajaa. Vifuniko vya rangi maalumu lazima vitengenezwe, na muuzaji anasubiri akusanye oda za kutosha kabla hajabadilisha rangi kwenye mashine yake. Vitu viwili vinavyokaa rafu moja vina muda tofauti kabisa wa kufika, lakini vinaagizwa kwa mtindo mmoja.

Dawa yake ni kuweka kiwango cha kuagizia kwa kila kitu, na kukipata kwa hesabu. Tuchukue vifuniko hivyohivyo. Unatumia wastani wa vifuniko 8,000 kwa siku. Kwa kawaida mzigo unachukua siku 21 tangu uagize. Ukiagiza vikibaki 168,000, yaani 8,000 mara 21, unajiona uko salama. Sasa fungua oda zako kumi za mwisho uangalie ile iliyochelewa kuliko zote: siku 38. Angalia na siku ulizojaza chupa kwa kasi kubwa: 11,000. Mara 38, unapata 418,000. Tofauti ya 250,000 kati ya hesabu hizo mbili ndiyo akiba ya tahadhari ambayo hukuwa nayo siku ile wafanyakazi walipokaa juu ya maboksi.

Je, uweke zote 250,000? Kwa vifuniko, mimi ningeweka. Havichukui nafasi kubwa, haviharibiki, na thamani yake ukilinganisha na siku moja ya kiwanda kusimama ni ndogo mno. Kwa mbegu au dizeli hesabu hiyo ingekufilisi, na huko unapaswa kupunguza tofauti yenyewe: umbane muuzaji juu ya siku zake, au umpate wa pili. Na kwa vifuniko ipo njia nyingine ambayo wenye viwanda wengi wanaikataa kwa sababu ya fahari ya chapa: kukubali kifuniko cheupe siku ya dharura. Cheupe kinapatikana siku yoyote. Mteja ananunua mafuta.

Usisahau mashudu, yale makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua. Mbegu zetu nyingi kwa mashine ya kukamua bila kutumia kemikali hutoa mafuta kati ya robo na theluthi ya uzito. Maana yake, katika tani 20 zinazoingia kwa siku, tani 13 hivi zinatoka kama mashudu. Kwa uzito, kiwanda chako ni cha mashudu kuliko cha mafuta! Mnunuzi wa mashudu akichelewa wiki moja tu una karibu tani 80 za ziada sakafuni, na mbegu mpya zinapakuliwa nje chini ya turubai. Nimeona kiwanda kikikodi ghala la pili kwa ajili ya mbegu wakati tatizo lao lilikuwa mkataba wa mashudu usiotaja siku ya kuchukua. Tena, mashudu yanayotoka mashineni yakirundikwa yakiwa bado ya moto hujipasha joto yenyewe na yanaweza kuwaka. Yapoe kwanza, ndipo yapangwe.

Dalili: mbegu zinakwisha Januari, mavuno ni Mei

Alizeti ya Singida na Dodoma huingia sokoni kuanzia Mei, ikashika kasi Juni na Julai. Kiwanda kinachotaka kufanya kazi miezi 10 kinahitaji tani 5,000. Mbegu za alizeti ni nyepesi: mita moja ya ujazo hubeba takribani kilo 400. Kwa hiyo tani 5,000 ni mita za ujazo 12,500. Ukipanga magunia hadi urefu wa mita 4, unahitaji zaidi ya mita za mraba 3,000 za sakafu, na hapo hujaacha njia ya kupita wala nafasi kati ya magunia na ukuta. Pima ghala lako leo. Wengi wanaolalamika kukosa mtaji wa kununua msimu mzima hawana hata pa kuweka.

Mtaji nao una hesabu yake. Tuseme kilo moja ni shilingi 800 wakati wa mavuno na benki inakutoza riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Kuishika kilo hiyo mwezi mmoja kunakugharimu shilingi 12 za riba, miezi sita shilingi 72, kabla ya kodi ya ghala, mlinzi na dawa ya wadudu. Kama kwa uzoefu wa miaka yako mitano bei hupanda hadi 1,000 ifikapo Januari, kununua mapema kunalipa. Kama hupanda hadi 850 tu, unabeba mzigo wa bure. Sikuambii ujibu kwa kukisia. Bei ulizonunulia zimo kwenye risiti zako, zipange kwa mwezi uone.

Ukiona huwezi kushika za mwaka mzima, usijidanganye kwamba utapata baadaye. Amua mapema kiwanda kitasimama mwezi gani, uweke matengenezo makubwa ya mashine na likizo za wafanyakazi humo. Kusimama Machi kwa kupanga ni tofauti sana na kusimama Machi kwa kushtukizwa: wateja wanajua, benki inajua, na fundi amepewa tarehe yake.

Ununuzi wenyewe uugawe. Sehemu uichukue mwanzoni mwa msimu kwa vyama vya msingi ulivyoongea navyo kabla ya kupanda, sehemu katikati, na kiasi kidogo uache kwa wakulima wakubwa wanaoshika hadi Septemba. Ukimtegemea dalali mmoja kwa vyote, siku kiwanda cha jirani kinapoongeza shilingi 20 kwa kilo, simu yako haitapokelewa.

Dalili: leja inasema moja, ghala linasema jingine

Mtu wa kwanza kushukiwa ni mlinzi. Wizi upo, sikatai. Lakini kabla hujamfukuza mtu, pitia sababu tatu ambazo hazina mwizi.

Ya kwanza ni gunia. Gunia halijawahi kuwa kipimo. La alizeti linasemwa ni la kilo 65, na kwenye mzani utapata 58, utapata 71, na likiwa lumbesa utapata zaidi ya hapo. Kiwanda kinachoandika leja kwa magunia kinaandika hadithi. Pima kila lori likiwa na mzigo na likiwa tupu, na leja yote iwe kwa kilo.

Ya pili ni unyevu, na hii imewagharimu watu kazi bila hatia. Mbegu zikiingia na unyevu wa asilimia 12 zikakauka ghalani hadi asilimia 8, tani 100 zinakuwa tani 95.7. Zaidi ya tani 4 zimepotea hewani na hakuna aliyegusa kitu. Umelipia maji kwa bei ya alizeti. Kipima unyevu cha mkononi, mtu mmoja getini aliyefundishwa kukitumia, na jedwali la kupunguza malipo kulingana na unyevu: hivyo vitatu vinamaliza ugomvi. Na mbegu zilizozidi asilimia 10 zisiingie ghala la kudumu hata kama bei yake ni nzuri. Zitapata joto, zitaota ukungu, na mafuta yake yatakuwa na asidi nyingi hata ukiyasafisha vipi.

Ya tatu ni kuchanganya lita na kilo. Mafuta ya alizeti yana uzito wa kilo 0.92 hivi kwa lita, kwa hiyo dumu la lita 20 linabeba kilo 18.4. Idara ya uzalishaji ikiandika kwa kilo na mauzo wakaandika kwa lita, kila tani inayopita inazaa tofauti ya asilimia 8 kwenye vitabu.

Kuna jambo linaloendana na hili ambalo wateja wenyewe watakuletea: dumu halijajaa. Nilipigiwa simu na mama mmoja mwenye duka la jumla, mteja wa miaka, akasema kwa sauti ya kuumia, "Kaka, mmeanza kunipunja." Tulikuwa hatumpunji. Wajazaji walikuwa wakichota mafuta moja kwa moja kutoka kwenye chujio yakiwa na joto la nyuzi 60 hivi, wanajaza hadi kwenye alama. Mafuta yakipoa hadi nyuzi 25 hunywea kwa zaidi ya asilimia 2, na kwenye dumu la lita 20 hiyo ni karibu nusu lita. Tukaweka tangi la kupoza, tukaanza kujaza kwa mzani badala ya kwa alama, na nikaenda mwenyewe dukani kwake na madumu ya kufidia. Watu wa Wakala wa Vipimo wangetukuta kabla yake, ingekuwa kesi.

Dalili: gharama za usafiri zinapanda, mzigo ni uleule

Hapa watu hukimbilia kujadiliana bei na mwenye lori. Jadiliana, lakini kwanza tazama lori limebeba nini na limesimama muda gani.

Mbegu hujaza bodi kabla ya kufikia uzito. Treila lenye ujazo wa mita 60 litabeba tani 24 za alizeti na hapo limejaa pomoni. Ukilipia kwa bei ya tani 28, tani 4 umelipia hewa. Mafuta ni kinyume chake: uzito unafika mwisho huku nusu ya bodi ikiwa tupu. Kwa hiyo mkataba wa mbegu uwe kwa safari au kwa ujazo wa bodi, na wa mafuta uwe kwa tani. Kutumia mkataba mmoja kwa vyote viwili ni kupoteza upande mmoja kila safari.

Chupa tupu ni hewa zaidi. Ukinunua chupa zilizokwisha kupulizwa Dar es Salaam na kuzileta Singida, unasafirisha upepo zaidi ya kilomita 600. Prifomu, vile vichupa vinene vya plastiki kabla ya kupulizwa, zinaingia zaidi ya mara kumi kwenye nafasi ileile. Mashine ya kupuliza si ya bei ndogo, lakini weka bei yake kando ya nauli ya chupa ya miezi 12 ndipo uamue.

Kisha mizani ya barabarani. Tangu 2019 Tanzania inatumia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 ya kudhibiti uzito wa magari. Ekseli moja yenye tairi nne mwisho wake ni tani 10, ekseli mbili za pamoja tani 18, tatu za pamoja tani 24, na gari la ekseli sita lisizidi jumla ya tani 50. Kosa ninaloliona mara nyingi ni la upakiaji. Jumla iko ndani ya sheria, ila vijana wamepanga madumu kuanzia mbele na kuacha nyuma wazi, uzito wote umekalia ekseli za kichwa cha lori. Gari likifika mizani ya Njuki, Singida, au Nala, Dodoma, linazuiwa, mzigo unahamishwa kwa mikono juani, mnalipa faini, na siku imekwenda. Chora kwa chaki kwenye sakafu ya sehemu ya kupakilia: safu ya kwanza inaanzia wapi, inaishia wapi. Chaki haina gharama.

Muda wa geti je? Andika saa ya lori kuingia na saa ya kutoka kwa wiki mbili. Nilipoandika mimi, wastani ulikuwa saa 19. Upakiaji wenyewe ulichukua saa 3. Zilizobaki lilikuwa likisubiri ankara isainiwe na mtu ambaye hakuwepo. Dereva anayelala getini kwako anajua kuiweka siku hiyo kwenye nauli ya safari ijayo hata kama hakwambii. Tulimpa msimamizi wa stoo mamlaka ya kusaini oda za wateja waliokwisha kulipa, saa zikashuka hadi 6 bila kununua chochote.

Mzigo wa kurudia nao utafute kwa makusudi. Lori linaloshusha mafuta Dar es Salaam linaweza kurudi na prifomu, maboksi na vifuniko vyako mwenyewe. Kwenye viwanda vingi manunuzi na mauzo hawaongei, kwa hiyo lori moja linarudi tupu Jumanne na jingine linakodiwa Jumatano kufuata vifuniko.

Dalili: kontena limefika, lakini halitoki bandarini

Prifomu, vipuri vya mashine na vitambaa vya chujio vingi vinatoka nje. Meli ikitia nanga Dar es Salaam, kuna hesabu tatu tofauti za tozo za kuchelewa na watu wengi wanajua moja tu. Kuna tozo ya kukaa bandarini au bandari kavu baada ya siku za bure. Kuna tozo ya kampuni ya meli kwa kontena lao kuendelea kukaa na mzigo. Na kuna tozo ya kuchelewa kurudisha kontena tupu, ambayo huja mwishoni wakati wewe umeshasahau. Kontena lililopelekwa Singida likakaa uani siku nne likisubiri kupakuliwa linaila faida yako taratibu. Panga wapakuaji kabla lori halijaondoka Dar es Salaam, au pakua mzigo hukohuko uuhamishie kwenye lori la kawaida.

Ukifuatilia ucheleweshaji wenyewe, mara chache utakuta bandari ndiyo chanzo. Karatasi za mzigo zilichelewa kufika kwa sababu salio la muuzaji halikulipwa kwa wakati. Maelezo ya bidhaa kwenye ankara hayafanani na yaliyo kwenye hati ya meli. Cheti cha ubora cha Shirika la Viwango (TBS) kwa bidhaa inayokihitaji hakikuombwa kabla mzigo haujaondoka. Au pesa ya ushuru haikutengwa, ikabidi isubiri mauzo ya mwisho wa mwezi. Yote manne yanaweza kushughulikiwa kabla meli haijafika. Mtumie wakala wako wa forodha nakala za karatasi siku ileile muuzaji anapozituma, na mwambie akupe makadirio ya ushuru kwa maandishi kabla meli haijafika.

Vipuri vina jambo lake. Mchanga unaokuja na mbegu hula shafti ya kukamulia na ringi zake. Zikilika, mafuta yanabaki kwenye mashudu, na hiyo hutaiona stoo wala barabarani. Anza kuhesabu tani zilizopita mashineni tangu ringi zifungwe. Ukijua seti moja inadumu tani ngapi kwako, unajua tarehe ya kuagiza nyingine, tena kwa meli. Anayesubiri hadi ivunjike anaagiza kwa ndege.

Dalili: oda za mawakala zinaruka juu na chini

Wiki hii wakala anataka madumu 400, wiki mbili zinazofuata hataki hata moja, kisha anataka 600 kesho. Unaongeza zamu, unanunua mbegu kwa bei ya haraka, halafu kimya.

Jay Forrester wa chuo cha MIT cha Marekani aliieleza hali hii mwaka 1961: badiliko dogo dukani hukua kila linapopanda ngazi ya ugavi, hadi likifika kiwandani linakuwa wimbi. Mama lishe wa Dodoma hajabadilisha mapishi yake. Mwenye duka alisikia mafuta yataadimika, akaongeza kidogo. Wakala akaona maduka yanaongeza, akaongeza zaidi. Punguzo lako la bei la mwisho wa mwezi likamsukuma achukue ya wiki tatu kwa mkupuo. Wimbi hilo umelitengeneza wewe mwenyewe.

Acha kumuuliza wakala anataka ngapi. Muulize kila Ijumaa ameuza ngapi na amebakiwa na ngapi. Maswali hayo mawili kwa ujumbe wa simu, kwa mawakala wanane, ni kazi ya nusu saa. Utaona mauzo halisi yanatembea kwa utulivu, isipokuwa kwenye vipindi vinavyojulikana kama Ramadhani na mwisho wa mwaka, na hivyo unaweza kuvipanga mapema. Punguzo la bei litoe kwa anayechukua kila wiki bila kuruka, badala ya anayechukua mzigo mkubwa mara moja.

Dalili: barabara moja ikikatika, kila kitu kinasimama

Machi 2020 maji yalivunja barabara ya Morogoro kwenda Dodoma pale Kiyegeya, Gairo. Malori yalipanga foleni pande zote mbili. Waliokuwa wamekwisha kufikiria njia nyingine walizungukia Iringa na Mtera wakafika, wamechoka na wametumia dizeli zaidi, lakini wamefika. Wengine walikaa wakisubiri taarifa.

Andika sasa njia yako ya pili, na nauli yake uijadili na mwenye lori wakati mvua haijanyesha. Kipindi cha Februari hadi Aprili ongeza siku 5 kwenye muda wa kufika wa kila kitu kinachotoka Pwani, upande wa vifuniko, prifomu na dizeli. Na weka mafuta yako ya alizeti kidogo kwenye ghala la wakala mkubwa wa Dar es Salaam kabla ya mvua za masika, hata kama itabidi umpe kwa mkopo.

Dalili: tatizo lilipona, likarudi

Ukikuta vifuniko vimekwisha tena miezi minane baadaye, uliza kwanza mtunza stoo yule yupo? Mara nyingi ameondoka, na daftari lenye viwango vya kuagizia limeondoka naye au liko kwenye droo. Aliyemrithi anaagiza kwa macho.

Ndiyo maana nawaambia wenye viwanda waweke ubao mweupe ukutani pale kila anayeingia stoo anapopita. Safu tano tu: jina la kitu, kilichopo kwa siku, siku za kufika kwa kawaida, siku za kufika ilipochelewa zaidi, na tarehe ya mwisho ya kuagiza. Ujazwe kila Jumatatu kabla ya saa tatu, na anayeujaza awe ni yule anayehesabu kwa mikono yake ghalani. Kitu ambacho siku zilizopo ni chache kuliko siku za kuchelewa kiandikwe kwa kalamu nyekundu, na mwenye kiwanda apite hapo mwenyewe kila Jumatatu, asimame mbele ya ubao, aulize kuhusu kila mstari mwekundu umeagizwa lini na kwa nani.